Uzazi wa Mpango na Mipango Yangu Mingine

Jumatatu, 2 Juni

Siku ya hovyo tangu asubuhi. Mvua, viatu vibichi, chai ya rangi. Msimamizi wa chumba cha kufulia katuma ratiba ya zamu kwenye simu zetu. Nimeipekua juu hadi chini. Simo! Kila mpiga pasi wa hoteli ile kapangiwa zamu, hata Kidevu, ambaye huunguza kola za wageni kila wiki. Mimi, patupu. Nikampigia msimamizi papo hapo nikiwa jikoni. Nikapaza sauti, maana simu yangu inakoroma: mama, nimetafuta wee, mwezi huu siku zangu sizioni, roho yangu haijatulia! Akanijibu kwamba ni kosa la kuchapa, atarekebisha, na nisimpigie kelele sikioni.

Nageuka, namkuta wifi mlangoni na sufuria mkononi. Huyu ni dada wa mume wangu. Alikuja kwetu kupumzika wiki mbili, huu ni mwaka wa tatu anapumzika. Siku zote hunitazama kama doa kwenye shuka. Leo kanitazama kwa huruma. Jioni nikakuta yai kwenye sahani yangu. Kwake hakuna yai. Nimelila kwa mashaka. Ana jambo huyu.

Jumanne, 3 Juni

Nimelijua jambo lenyewe! Asubuhi wifi kaninyang'anya ndoo. Wacha wifi, usijichoshe, mimi nipo. Kafua nguo zangu zote, kanipa kiti chenye mgongo, kisha akainama na kuninong'oneza: ya miezi mingapi?

Ndipo nikakumbuka ile simu. Siku zangu sizioni! Mimi nilisema za zamu, yeye kasikia zile nyingine.

Kinachokera ni kwamba hata hizo nyingine sizioni. Sababu naijua mimi na nesi wa kliniki tu. Nilipomzaa binti yetu nilitoka damu mpaka nikaanza kuwaona watu kwa mbali. Daktari akasema nipumzike miaka kadhaa. Nikapumzika. Ila Desemba iliyopita mume wangu, akiwa anakunywa chai, alimtazama mtoto akasema, huyu anahitaji mwenzake. Kesho yake nilikwenda kuchoma sindano ya uzazi wa mpango, kimyakimya. Baada ya sindano ya kwanza damu ilikuja ilivyotaka yenyewe, leo tone, kesho hakuna, wiki ijayo siku nne mfululizo. Baada ya ya pili, kimya kabisa. Nesi alikuwa ameniambia mapema kwamba hilo ni kawaida. Lakini Kidevu aliwahi kusema kazini kwamba damu isiyotoka hurundikana na kupanda kichwani. Na kichwa kimekuwa kikiniuma. Siku hizi najipapasa tumbo na kulisikiliza.

Wifi bado anasubiri jibu. Nilifikiria kumwambia ukweli. Kisha nikaiangalia ndoo mkononi mwake. Nikashusha macho kwa haya, nikasema bado mapema kusemasema.

Huo si uongo. Sikusema lolote.

Alhamisi, 5 Juni

Mambo yananinyookea kwa mara ya kwanza mwaka huu. Chumba cha kufulia kina kiti kimoja, kwenye meza ya kukunjia taulo, karibu na dirisha. Sisi wengine tunasimama mbele ya pasi ya mvuke tukichemka. Tangu mwezi uliopita kiti amepewa Kidevu. Kwa nini? Hakuna anayejua. Nimeuliza mara kadhaa, msimamizi ananiambia nishike lililo langu.

Leo nimemvuta msimamizi pembeni nikamnong'oneza kwamba hali yangu si ya kusimama. Akanitazama tumboni. Nikalitoa kidogo. Akashusha pumzi, akaenda kuzungumza na Kidevu, kisha Kidevu akainuka polepole, akaenda kusimama kwenye pasi. Hakunisema. Aliniletea hata maji. Najua hila zake, anataka nijisikie vibaya.

Nimekunja taulo nimekaa, upepo unanipiga. Nimejiuliza kwa nini sikufikiria jambo hili mapema.

Jumapili, 8 Juni

Balaa. Wifi kampigia kaka yake!

Mume wangu ni dereva wa lori la masafa. Akiondoka hurudi baada ya wiki tatu, nne. Jioni akapiga. Akauliza, mama mtoto, ni kweli? Nikajikaza kisabuni nikasema mambo bado machanga. Nilimsikia akihema. Aliposema tena sauti ilikuwa imemkauka: nisiinue kitu kizito, nile vizuri, yeye atafika Ijumaa ya tarehe ishirini. Kisha akakata kabla hajaniaga.

Furaha hiyo. Mwanamume mzima kashindwa kuongea kwa furaha. Nilijisikia vibaya sana, kwa kitambo kirefu, karibu mpaka chakula cha jioni.

Lazima mimba hii iishe kabla hajafika. Nitasema nilikosea hesabu tu, siku zilichelewa, zimekuja. Wanawake wangapi hupitiliza kwa uchovu, kwa mawazo, kwa kukonda! Hakuna atakayeumia. Kinachohitajika ni ushahidi. Wifi haamini asichokiona.

Jumatano, 11 Juni

Ushahidi umekuwa na matatizo yake.

Kwanza nilitaka kujichoma kidole. Nikashika sindano ya kushonea, nikaitazama, nikairudisha. Nina moyo mwepesi. Ndipo nikakumbuka sharubati nyekundu wanayopewa wageni wakifika hotelini. Miaka sita nahangaika na doa hilo kwenye vitambaa vya meza. Hakuna mtu nchi hii anayelijua doa lile kuliko mimi. Likikauka linakuwa la kahawia pembeni, jekundu katikati, ukiliangalia haraka unashika kifua.

Nikachukua kidogo kwenye kichupa. Asubuhi nikakimwagia kitambaa, nikakiacha kwenye beseni la bafuni pale wifi asipoweza kupita bila kukiona, nikaenda kazini nikiimba.

Narudi jioni, wifi kasimama bafuni, mkono shavuni. Sisimizi! Msafara mzima kutoka dirishani, ukutani, mpaka ndani ya beseni, wakubwa kwa wadogo. Nilisahau kwamba sharubati ni sukari tupu.

Nikasema moyoni, leo nimeumbuka. Wifi akanigeukia, machozi yanamlengalenga. Akasema aliyaona haya haya kwa shangazi yao, sisimizi wakimfuata kila alikokwenda haja. Wifi yangu, mimba inatishia kutoka, na juu yake una kisukari!

Alhamisi, 12 Juni

Nimewekwa kitandani. Kazini kaenda kuniombea ruhusa wifi mwenyewe, na kawaeleza kila kitu, pamoja na sisimizi. Chai bila sukari. Uji bila sukari. Embe nimelinyooshea mkono, likaondoka. Binti yetu kaambiwa asinirukie, sasa anachungulia mlangoni kama ninaumwa kweli. Yai limebaki, namshukuru Mungu, lakini bila chumvi, wifi kasikia mahali kwamba chumvi nayo ni mbaya.

Nimejaribu kumwambia kwamba nadhani sikuwa na mimba hata kidogo, zilikuwa siku zangu tu. Akanishika mkono. Akasema anaelewa, mtu akiogopa kupoteza hujifanya hakuwa na kitu. Akalia. Nikalia na mimi, kwa ajili ya embe.

Jumanne, 17 Juni

Nimerudi kazini, kiti kinanisubiri. Kidevu kwenye pasi anashikashika kiuno na kuhema. Maigizo. Msimamizi kanipa nusu ya karanga zake.

Ijumaa imekaribia. Nimeamua kutofanya kitu. Mpango bora kuliko yote. Mume atafika, nitamwambia nilikosea hesabu, yeye si wifi, hatatafuta ushahidi.

Ijumaa, 20 Juni

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi niko kwenye kiti nakunja taulo. Nikasikia tumbo linavuta. Nikainuka, Kidevu akapiga ukelele mdogo. Nikageuka kutazama kiti. Damu! Ya kweli. Tangu Machi sikuiona hata tone, nayo imechagua leo, saa hii, mbele ya kila mtu, juu ya taulo nyeupe za chumba cha maharusi nilizokuwa nimezikalia.

Kidevu ndiye aliyefika wa kwanza. Alivua aproni yake akanifunga kiunoni, akanikumbatia, akawa analia kuliko mimi. Akaninong'oneza kwamba mimba zake zimeshatoka mbili. Kwamba sasa ana ya tatu, hajamwambia mtu ila msimamizi, ndiyo maana alipewa kiti. Akanipa pole, akasema ananiombea.

Amesimama kwenye ule mvuke siku zote hizi! Kwa nini watu hawasemi mambo yao wazi? Siri zinaumiza watu.

Msimamizi alimpigia wifi, na mume wangu alikuwa amefika nyumbani muda si mrefu. Akaja mbio, vumbi la njiani bado usoni, wifi nyuma yake kavaa viatu visivyolingana. Wakanibeba. Nikasema naweza kutembea. Hakuna aliyesikia. Kliniki ya karibu ni moja tu, nami nilijua nani yuko zamu.

Nesi aliponiona alinitambua, akafumba mdomo. Akawaambia wenzangu wakae kwenye benchi, akavuta pazia. Akanipima mkojo, akanipima presha, akauliza kama damu inaloanisha pedi haraka, kama nina maumivu makali, kama kuna mabonge. Nikasema hapana, ni kiasi tu. Akasema, dada, huna mimba wala hujapoteza mimba. Hii ni sindano.

Nikamuuliza kwa kunong'ona: zile damu zilizorundikana miezi yote ndiyo zinatoka sasa? Akacheka kwa uchovu. Akasema hakuna ghala la damu tumboni. Kila mwezi mji wa mimba hujitandikia utando ndani, mimba isipoingia utando ule unabomoka na kutoka, hizo ndizo siku. Sindano inalizuia yai lisipevuke, na utando unabaki mwembamba. Mara nyingi hakuna cha kutoka. Mara nyingine utando huo mwembamba unameguka wakati wowote, bila kubisha hodi. Akasema angenipa vidonge vya majira, damu ingekuja kwa mpangilio kila nikifika kwenye vile vya rangi ya kahawia. Kijiti nacho kina matone yake. Lupu ya shaba huongeza damu kwa wengine. Miili haifanani. Damu ikizidi au isipokoma, nirudi, maana si kila damu ni ya kusingizia sindano. Na siku nikiamua kuacha, nisishangae siku zangu zikichukua miezi mingi kurudi, kwa wengine hata mwaka.

Nikamshukuru. Kisha nikamweleza shida yangu halisi. Nikamwomba, kama dada, atoke pale awaambie kwamba mimba imetoka. Sentensi moja tu! Kila mtu atalia, kila mtu atapoa, mambo yataisha.

Akanitazama kama mtu aliyeumwa jino. Akasema siri yako ni yako, sitaitoa. Lakini uongo wako siubebi. Mume wako yuko pale, mwambie mwenyewe.

Nikafungua pazia. Nilikuwa nimeazimia kabisa kusema. Mume wangu alikuwa kainama, kichwa mikononi. Akainua uso, macho mekundu. Akasema, uko hai. Basi. Akasema hivyo mara mbili.

Nikashindwa. Nikasema: imetoka.

Akanitazama kwa muda. Akaniinua, akanipeleka nyumbani bila kusema neno. Majonzi hayo.

Jumamosi, 21 Juni

Nyumba kimya kama imefiwa. Wifi kageuza hata kalenda, inatazama ukuta. Mume wangu kashinda nje anaosha lori ambalo ni safi.

Mchana nilimkuta chumbani, kakaa kitandani, kashika soksi. Ndogo, za manjano, haziingii hata kwenye kidole gumba chake. Alizinunua njiani, baada ya kupigiwa simu. Akasema alisimamisha lori kando ya barabara mara nyingi safari hii. Hakuwa analala. Alikuwa akiona ile damu ya mara ya kwanza, kitandani, sakafuni, kwenye viatu vya nesi. Alikuwa akiogopa nitakufa. Akasema hakutaka mtoto mwingine. Hakuwahi kutaka. Halafu siku moja dukani akaziona soksi hizi, na mkono ukajinunulia wenyewe.

Nikamuuliza, na lile la Desemba? Huyu anahitaji mwenzake? Akanitazama bila kuelewa. Hakumbuki kusema. Labda nilisema, akasema, kwani watu hawasemi?

Miezi yote hii! Nimejificha kliniki, nimepita uchochoroni, nimemdanganya kila mtu, kwa ajili ya neno la mtu anayekunywa chai.

Akakaa akinitazama, kama anasubiri. Nikakaribia kusema. Kweli nilifungua mdomo. Nikasema unataka uji?

Akasema hapana, akatoka.

Jumatatu, 23 Juni

Kaondoka alfajiri. Kazini wamenipa wiki nzima ya kupumzika, wameniletea sabuni, mafuta ya kupaka na maneno mengi mazuri. Sitavirudisha. Wangejisikia vibaya.

Saa sita kapiga simu. Sauti tulivu, nyuma yake injini. Akaniambia, mama mtoto, pazia la kliniki ile ni jepesi sana.

Nikakaa chini. Sakafuni, si kwenye kiti.

Akasema alisikia yote, tangu ghala la damu mpaka ile sentensi moja niliyoiomba. Wifi hakusikia, alikuwa nje anatafuta maji. Akasema sindano haimkasirishi. Ningemwambia, angenipeleka mwenyewe na kunishikia mkoba. Alinisubiri nitoke nyuma ya pazia niseme. Nikasema imetoka. Akanisubiri tena Jumamosi. Nikamuuliza habari za uji.

Kisha sauti ikamgeuka. Akasema, nimelia barabarani wiki mbili, namlilia mtu ambaye hayupo. Wewe ulijua hayupo, ukaniacha nilie.

Tulisikiliza injini tu. Mwisho akasema atarudi baada ya wiki mbili, na akirudi anataka kusikia kila kitu kutoka mdomoni mwangu, tangu mwanzo, bila kupunguza. Nisipoweza, nimwambie hivyo pia, ajue anarudi kwa nani.

Nimelia. Si kwa ajili ya embe. Nililia mpaka binti yetu akaja akakaa karibu yangu, akauliza kama bado haruhusiwi kunirukia. Nikamwambia anaruhusiwa.

Nitamwambia mume wangu ukweli. Wote. Nimeapa.

Jumanne, 24 Juni

Nimeamka na akili safi. Ukweli wote, kama nilivyoapa. Nimeanza kuupanga kichwani ili usimwumize.

Ile simu ya ratiba ataielewa, hilo ni kosa la wifi. Sindano yenyewe kaikubali, hivyo haina haja ya kurudiwa. Sharubati sioni inamsaidia nini kuijua. Kuhusu kiti, hakuniuliza. Kidevu atapumzika vya kutosha wiki hii, nikirudi kazini tutagawana, mimi asubuhi kwenye upepo, yeye mchana. Wifi ni bora aendelee kuamini alivyoamini, angalau mpaka ndoo zizoee mikono yake. Na lile neno "imetoka" nilimaanisha damu. Damu ilitoka! Kila mtu aliiona. Ni yeye aliyesikia vingine.

Nimehesabu kilichobaki cha kukiri. Kimebaki kidogo sana. Ni kile cha kumwacha alie. Hicho nacho nimekitafutia namna: nitamwambia nilidhani analia kwa furaha.

Bado nina wiki mbili. Nitafanyia mazoezi kwenye kioo cha bafuni, kwa sauti ya chini, maana pazia letu nalo ni jepesi.